Mheshimiwa Waziri, tunakuomba swali moja tu la mtihani

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Kwa heshima na taadhima, nikitambua uzito wa majukumu uliyokabidhiwa na taifa, naomba uniruhusu mimi, mwalimu wa Historia wa sekondari, nikutwalie dakika chache. Natanguliza shukrani, na naomba radhi pale ulimi wangu utakapopungukiwa adabu.

Wapo wanaosema intaneti imewafungulia wanafunzi wetu maktaba ya dunia nzima. Wapo wanaosema imewajaza makapi. Kwa ridhaa yako, Mheshimiwa, nilitazame jambo hili kupitia mada moja ninayoifundisha: Vita vya Majimaji dhidi ya watawala wa Kijerumani, 1905 hadi 1907.

Mwanafunzi akitafuta idadi ya waliokufa, atakutana na 75,000. Kwingine ataona 120,000, na kwingine 250,000 hadi 300,000. Zote zimeandikwa kwa uhakika uleule, wala hakuna inayomwonea haya mwenzake. Atanakili ile ya juu na kufunga daftari. Simlaumu, maana hatujamzoeza kuuliza ni nani aliyehesabu.

Angeuliza, angegundua kwamba 75,000 ni makadirio ya watawala wa Kijerumani wenyewe, na kwamba makadirio ya juu kabisa ni ya Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu. Angejua pia kwamba wengi hawakufa kwa risasi. Majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula, njaa ikawamaliza watu wa kusini. Anayehesabu waliouawa vitani na anayehesabu pamoja na watoto waliokufa njaa baadaye hawawezi kupata jibu moja. Hapo ndipo Historia inapoanza, na hapo ndipo simu inapomwacha mtoto.

Hata wasomi wakubwa huteleza. Sam Wineburg na Sarah McGrew, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa wanahistoria, wanafunzi wa chuo hicho na wahakiki wa habari kazi ya kukagua tovuti. Wengi wa wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa na kuvutwa na sura yake. Wahakiki walitoka upesi, wakaenda kuuliza kwingine mwenye tovuti ni nani. Huo ni ufundi, Mheshimiwa, na ufundi hufundishika.

Nasi tuliwahi kuufundisha. Miaka ya 1960 wanafunzi wa Historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu Majimaji, na kazi zao zikakusanywa mwaka 1968. Hawakuwa na intaneti. Walikuwa na walimu waliowadai ushahidi.

Shuleni simu ni marufuku kwa mwanafunzi, na sababu zake naziheshimu. Lakini matokeo yake ni kwamba anajifunza kuitumia likizoni, peke yake, bando likikaribia kwisha, hana mkubwa wa kumuuliza, "Umejuaje?"

Wewe unajua kuliko sisi kwamba kisichotahiniwa hakifundishwi. Kwa hiyo nakusihi, kwa unyenyekevu wote, uliombe Baraza la Mitihani la Tanzania liweke katika mtihani wa Kidato cha Nne swali moja tu: vyanzo viwili vinavyopingana kuhusu tukio moja, mtahiniwa aeleze anakiamini kipi zaidi, na kwa nini. Alama zitolewe kwa hoja. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lafaa kuwa la kwanza, kwa kuwa linafundishwa kwa Kiswahili na mtoto hatakwamishwa na lugha.

Kusahihisha swali hilo kutakuwa kugumu, na walimu tutahitaji semina. Kulifundisha hakuhitaji kompyuta. Vyanzo viwili vyaweza kuandikwa ubaoni, hata katika shule isiyo na umeme.

Nabaki, Mheshimiwa, mtiifu wako katika kazi hii,

Mwalimu wa Historia