Vidanji ya Jeep ya Bosi: Mwongozo kwa Wanaoelekea Kasongo

Kwanza hakikisha jeep yenyewe imefika. Wengi huulizia gareji kabla ya kuulizia barabara, na aibu yao huanzia hapo. Gari lililotoka Kalemie au Bukavu na viti vyake vya ngozi, na kile kisanduku cha ramani kinachoongea Kijapani peke yake, huingia Kasongo likiwa na rangi moja na nyumba za matofali mabichi. Na wewe uliyemo ndani, vilevile. Kama umefika hivyo, hongera. Sasa tuzungumze vidanji, yaani kubadilisha mafuta ya injini.

Wageni huuliza kama mji una wakala wa kampuni. Yupo, chini ya mwembe, na ni wakala wa kampuni zote. Kabla yako ameshafungua pikipiki tatu, mashine ya kusaga mihogo na jenereta ya kanisa. Usimtazame mikono, maana mikono ya mafundi wote ni myeusi. Tazama ardhi. Kama mchanga wa kwake ni mweusi unang'aa, huyo humwaga mafuta machafu ovyo, ondoka. Fundi anayejua kazi, mahali pake ni pasafi. Sababu utaiona mwishoni.

Mafuta utanunua mwenyewe. Kitabu cha gari kitakuambia 5W-30, na hiyo W ni ya majira ya baridi, ya nchi ambako maji huganda kwenye ndoo. Sisi tuko nyuzi nne na kitu kusini mwa ikweta, na baridi tunayoijua ni ya mwenye malaria. Dukani utapewa 20W-50 ya pikipiki, katika vichupa vya lita moja moja. Land Cruiser V8 ya dizeli inameza lita 9 na ushei. Ukisema unataka chupa kumi, muuzaji atakutazama kwa heshima mpya na kukuuliza habari za pikipiki zako: "Papa, una moto ngapi?" Usimjibu. Chunguza pete ya kifuniko, kama imevunjika ikafungwa tena kwa ufundi. Halafu nusa. Vyombo vyetu havistaafu: kopo lililoleta mafuta ya injini leo hubeba mawese kesho, na keshokutwa linaweza kurudi kazi yake ya zamani. Muuzaji akiapa "hii njo yenyewe", nusa mara ya pili. Injini ya Kijapani haijui kula sombe.

Filta ndiyo kilio. Njoo nayo, na njoo na mbili. Mimi niliwahi kuibeba moja toka Bujumbura, nimeifunga ndani ya shati kama yai, nikavuka vituo na vizuizi vyote nikieleza kuwa si bomu. Chini ya mwembe fundi akaigeuza mara moja tu, akaniambia kwa upole kwamba ni ya Prado. Gari halikuwa Prado. Siku hiyo filta ya zamani ilioshwa kwa mazutu, ikakung'utwa, ikarudishwa kazini, na mimi nikatazama pembeni kama mtu aliye kwenye kitanda cha hospitali.

Lini ubadilishe? Kitabu kinasema kilomita 10,000, na mwandishi wake barabara yake ina mstari mweupe katikati. Kati ya Kasongo na Kabambare, wakati wa mvua, injini inaweza kunguruma gia ya kwanza saa nzima ndani ya potopoto huku kihesabu cha kilomita kimelala. Mafuta yanachoka, namba haisogei. Kwa hiyo achana na kilomita. Hesabu siku za mvua.

Vidanji ikikukuta Kabambare, usipayuke. Mahali hapa pana historia ndefu ya wasafiri walioharibikiwa. Mwaka 1870 Livingstone alikwama hapa, enzi hizo akipaita Bambare, na vidonda vya miguu vikamweka ndani siku 80. Miguu ndiyo ilikuwa gari lake, na spea hazikuwepo. Wewe ukiambiwa filta inakuja kwa pikipiki toka upande wa Fizi, kupitia Lulimba, na siku ya kumi na mbili haijaonekana, kumbuka una siku 68 zaidi kabla ya kuifikia rekodi. Wakati huo jifunze majina ya watoto wanaokaa kwenye bampa lako.

Siku ya vidanji yenyewe, fundi ataingia chini ya gari na sufuria ya kukingia mafuta machafu. Utamwagia mafuta mapya kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Na hapo utaona watu wanakusanyika. Utadhani wanashangaa jeep. Niliwahi kudhani hivyo, nikapandisha mabega. Wamefuata sufuria. Wapasua mbao wanataka ya msumeno. Vijana wa baiskeli, wale wanaosukuma mizigo mpaka ng'ambo ya Luama, wanataka kidogo cha mnyororo. Seremala kaja na debe. Fundi akasimama katikati akigawa kwa kikombe cha chai, anajua nani kalipa na nani kakopa toka gari lililopita, na mimi mwenye gari hakuna aliyeniuliza neno. Lita tatu nzima alipewa mama mmoja mzee ambaye mchwa wamepanda mpaka kwenye miti ya paa lake. Alifunika ndoo yake kwa jani la mgomba, akaizunguka jeep polepole, akaipapasa kama mbuzi wa mkopo.

"Baba," akaniuliza, "hii itarudi lini?"

Kabla sijafungua mdomo fundi, aliyekuwa amesharudi chini ya gari, akajibu: "Mvua ikianza, mama. Itarudi tu."