Kujitungia Swali na Kulijibu

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa na insha moja. Sisemi niliwahi kuandika insha moja; nasema nilikuwa nayo, kama mtu anavyokuwa na suti moja ya kwendea harusi na matanga. Ilikuwa insha ya ajali. Majogoo waliwika, jua likachomoza, nikauosha uso wangu na kupiga mswaki, nikaabiri matatu iliyokuwa ikienda kwa kasi ya umeme, utingo akining'inia mlangoni mithili ya popo. Mara tairi likapasuka, pu! Kufumba na kufumbua tulikuwa mtaroni. Nilipozinduka nilijipata kitandani hospitalini, muuguzi aliyevalia nguo nyeupe pe pe pe akinitabasamia.

Insha hiyo niliinunua kwa mandazi manne. Mwenyewe alikuwa wa kidato cha nne, na alikuwa na daftari la kurasa 96 alilolipanga kama duka: misemo ya kufungulia insha, misemo ya huzuni, misemo ya mvua, misemo ya kumsifu msichana (hii ilikuwa mandazi mawili zaidi). Tuliinakili wakati wa prepu, tukijifanya tunapiga hesabu. Si ajabu mwalimu wetu alilalamika kwamba akisahihisha insha zetu usiku hapati usingizi, kwa sababu ya majogoo arobaini na watano wanaowika kwa pamoja.

Msinione mvivu. Kulikuwa na hesabu. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ina maswali manne. La kwanza ni lazima, kisha unachagua moja katika matatu yanayobaki. Kila insha ina alama 20, na zote mbili uzimalize kwa saa moja na dakika 45. Insha haitakiwi kupungua maneno 400 hivi, na ole wako ikipungua sana: chini ya maneno 175 inaitwa insha robo, nayo hata ungeiandika kwa machozi ya dhahabu haitavuka alama 5. Sasa, majogoo, jua na mswaki peke yake vilinipa maneno 90 kabla sijafikiri lolote. Mtu anayejua njaa ya saa nne asubuhi ukumbini mwa mtihani hawezi kuyadharau maneno 90 ya bure.

Swali la methali ndilo lililonifaa zaidi. "Haraka haraka haina baraka"? Matatu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu"? Dereva hakusikia la askari wa barabarani, na guu likavunjika la kweli, mara mbili. Walipotuletea "Mchumia juani hulia kivulini" sikubabaika hata kidogo: dereva alichuma nauli juani kutwa nzima, ajali ikatokea, na manusura wote wakaketi chini ya mwembe wakalia. Kwikwi, kamasi, kila kitu. Nilishangaa kwa nini mwalimu alipiga mstari chini ya neno "wakalia" na kuandika pembeni: "Walikula nini?"

Kisha ukaja mtihani wa muhula wa pili. "Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Tunga kisa kitakachodhihirisha ukweli wa methali hii." Niliitazama ile methali kwa dakika kumi, nayo ikanitazama. Haikuwa na gari popote. Mwishowe nikaandika kwamba mjomba wangu alitutembelea. Siku ya kwanza alikula wali. Siku ya pili alikula wali. Siku ya tatu tukampa jembe. Shamba lilikuwa mbali. Akaabiri matatu.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Alipofika "akaabiri matatu" akanyamaza makusudi, na darasa zima likampokea kwa kishindo: "Iliyokuwa ikienda kwa kasi ya umeme!" Nusu yao walikuwa nayo daftarini.

Nilipata 02 kwa 20. Kwa wino mwekundu aliniandikia: "Umejitungia swali na kulijibu. Jembe lilipona?" Hayo maneno ya kujitungia swali hakuyabuni yeye, yamo katika mwongozo wa kusahihisha, kwenye D ya chini kabisa, pamoja na mtahiniwa aliyeandika kwa lugha isiyokuwa Kiswahili na yule aliyenakili swali tu akaishia hapo. Katika darasa letu aliyenakili swali alikuwepo. Alilinakili kwa mwandiko mzuri, akaegemeza kichwa dawatini, akalala. Tulipata alama sawa. Mpaka leo namwonea wivu usingizi ule.

Insha ya lazima, ambayo ilikuwa hotuba, haikuniokoa. Nilikuwa nimesikia kwamba msahihishaji huweka alama ya tiki juu ya kila msamiati mzuri, basi nikaazimia kuvua tiki kwa jarife. Nilikesha na Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mtoto akawa mkembe, daktari akawa tabibu, jamaa wakawa aila. Ndipo nikaliona neno "hayati". Kusoma maana yake niliona ni kupoteza wakati. Neno lenyewe lilijieleza, si limetoka kwa "hai"? Hotuba yangu ilianza hivi: "Hayati Mwalimu Mkuu, naibu wake, walimu na wanafunzi wenzangu, hamjambo?"

Pembeni: "Matanga yako wapi? Nije na sukari?"

Jioni hiyo akaniita katika chumba cha walimu. Nilitarajia fimbo. Aliniuliza maswali.

"Kwenu mna jogoo?"

"Hatuna, mwalimu. Tunakaa ploti."

"Umewahi kupata ajali ya matatu?"

"La, mwalimu."

"Umewahi kulazwa hospitali?"

"La."

"Kwa hiyo una miaka kumi na sita na hakuna lililowahi kukupata."

Niliona aibu, kana kwamba ni uzembe wangu.

"Jana usiku mlikula nini?"

"Githeri, mwalimu."

"Ilikuwaje?"

Nilinyamaza. Tangu kidato cha kwanza nilikuwa nimekula githeri mara nyingi kuliko nilivyoitwa kwa jina langu, na hakuna aliyewahi kuniuliza ilikuwaje. Hata katika daftari la mandazi hapakuwa na misemo ya githeri.

"Nenda bwaloni leo uitazame sahani yako. Kesho asubuhi nataka maneno mia nne. Akiwika jogoo hata mmoja, nakuchania."

Nikaenda. Nilipanga foleni na sahani yangu ya bati, jina langu limechorwa kwa msumari chini yake ili isiibwe, ingawa ilikuwa imeibwa mara mbili na hilo lilikuwa jina la tatu. Mpishi alichota kwa upawa akimwangalia mtu usoni kwanza. Nikagundua kwamba waliomwamkia walichotewa kutoka chini, yaliko maharagwe, na sisi wenye haraka tulichotewa kutoka juu, yaliko maji. Niliketi nikahesabu. Maharagwe kumi na tisa. Mahindi niliacha nilipofika mia moja. Mchuzi ulikuwa mwangavu kiasi kwamba niliona herufi ya kwanza ya jina la yule mwenye sahani kabla yangu, aliyeichora upande wa ndani. Na juu ya mchuzi walielea wadudu saba wadogo weusi. Kamusi inawaita fukusi. Sisi tuliwaita nyama.

Nilipoandika yote hayo nilifika maneno 260 nikakwama. Sikuwa na jogoo wa kunisukuma. Nikarudi jikoni nikachungulia dirishani. Mpishi alikuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, chini ya balbu, akila githeri ile ile kwa kijiko chetu, na kila baada ya tonge alisimama, akatema kitu kiganjani, akakikagua kwenye mwanga, akakitupa. Vilikuwa vijiwe. Nilimwona akitabasamu kimoja kilipogonga sufuria. Hilo likanifikisha 400.

Nilipata 15. Mwalimu alifurahi hadi akafanya kosa ambalo hakuna mwongozo wa kusahihisha unaolitaja: aliibandika insha kwenye ubao wa matangazo, Ijumaa. Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi.

Kufikia saa tano kulikuwa na akina mama sita mbele ya ubao, mmoja akiwasomea wengine kwa sauti, na alipofika kwenye hesabu ya nyama wakageuka wote kuitazama stoo. Kufikia saa sita nilikuwa mbele ya naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ufunguo wa stoo hiyo ulining'inia kwenye mkanda wake.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndimi, mwalimu."

"Saba uliwahesabuje, na wanaogelea?"

Alinipa adhabu mbili: kufyeka nyasi nyuma ya bwalo, na kuandika barua ya kuomba radhi. Mwalimu wangu aliibandua insha yangu polepole, akaninong'oneza tulipopishana kwamba 15 ni yangu na haibadiliki, akapotea kwa siku mbili.

Kufyeka nilifyeka. Barua ndiyo iliyonitoa jasho. Nilijaribu kuandika kwa njia mpya, nitazame kitu na nikiseme kilivyo, na kila nilipotazama niliona fukusi saba. Majuto sikuyaona popote. Saa nne usiku nikafungua sanduku, nikatoa nakala yangu ya daftari la mandazi, nikafunua kwenye misemo ya huzuni.

Barua ilianza majogoo walipowika. Jua lilichomoza likaona haya kunitazama. Dhamiri ilinisuta, machozi yakanitiririka njia mbili mbili, nikatamani ardhi ipasuke inimeze nzima nzima. Sikumtia mtu kwenye matatu, ingawa nilishawishika.

Naibu aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa kwa tai yake.

"Hii sasa," akasema, akiitia kwenye faili, "ndiyo insha. Si ungeandika hivi tangu mwanzo?"