Marudio ya Simu
Mchimbaji mdogo hapeleki mawe yote ya duara, yaani shimo lake, kwenye Soko la Dhahabu la Geita, lililofunguliwa 2019. Husaga mawe kwenye karasha, akayaosha, akabaki na chembe. Mengine ni marudio. Mpiga picha wa simu pale Shinyanga mjini kaigeuza kanuni hiyo: sahani moja ya ugali na sato, picha arobaini, zote mtandaoni, na ugali umepoa. Zamani mkanda wa kamera wa picha 36 ulimlazimisha mtu afikiri kabla ya kubofya. Mtasema siku hizi kupiga ni bure, na picha ni kumbukumbu. Haya, ila kumbukumbu isiyochambuliwa ni kifusi, na bando halijawahi kuwa bure. Tena marudio ya Geita yana wanunuzi, maana sianidi huitoa dhahabu iliyosalia. Hizo arobaini zenu, futeni thelathini na tisa.