Mpe Mhudumu, Soma Pakiti

Katika ukoo wetu mirathi iligawanywa kwa amani, shamba la Kibaha likapimwa bila mtu kurushiana maneno na mwenzake, na hata mahari ya dada yetu mdogo ilikubaliwa kabla chai haijapoa. Yanayotutoa jasho ni mambo mawili tu: mhudumu wa mgahawani aachiwe shilingi ngapi, na biskuti zipikwe kwa chokoleti gani.

Kwenye la mhudumu, kambi ya kwanza inaongozwa na shangazi. Chakula kina bei, bei imelipwa, habari imekwisha. "Mshahara wa mtu nilipe mimi, kwani mimi ndiye niliyemwajiri?" Kambi ya pili ni ya mjomba, ambaye ukarimu wake hutegemea waliokaa mezani. Akiwa na sisi huacha sarafu ya mia mbili. Akiwa na wakwe zake huinyanyua noti ya elfu kumi, akaizungusha mpaka meza ya jirani nayo iione, ndipo aseme, "Kijana, ya soda hiyo."

Wengine wote tulikuwa chama cha "chenji baki nayo". Kilikuwa chama kizuri, mpaka ilipokuja lipa namba. Siku hizi bili ya 23,400 inalipwa 23,400 kamili, mhudumu anaonyeshwa ujumbe wa muamala kwenye simu, anatikisa kichwa, anabaki na asante. Na mkono mtupu haulambwi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa binamu aliporudi likizo kutoka Houston. Huko aliwahi kuwa mhudumu enzi za masomo, na anayajua maumivu ya kazi hiyo kwa senti zake. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, mwajiri anaruhusiwa kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, na Texas wameridhika nacho. Bakshishi isipomfikisha kwenye kima cha chini cha dola 7.25, mwajiri anatakiwa kujazia. Kwa hiyo kule mteja asipoacha kitu si kwamba amebana matumizi. Amekula jasho la mtu. Asilimia 20 ni jambo la kawaida kabisa.

Tukaenda kula nyama choma Sinza. Bili ikaja 86,000. Binamu akapiga hesabu kichwani, akaacha noti mbili za elfu kumi chini ya kibakuli cha pilipili, tukaondoka. Hatujafika kwenye gari, tunasikia vishindo nyuma yetu. Kijana anakuja mbio, aproni inapepea, noti kaziinua juu: "Dada! Dada! Umesahau hela yako!" Binamu akamwambia ni yake. Kijana akamtazama, akazitazama noti, akamtazama mjomba kana kwamba anaomba shahidi. Meneja naye akatoka kuuliza kuna tatizo gani na bili. Ikabidi tusimame pale kwenye kokoto tukieleza kwamba hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyelewa, na dada huyu hataki namba ya simu ya mtu.

Jumapili iliyofuata tulipokelewa na wahudumu watano. Meza ikafutwa, ikafutwa tena. Ndimu zikaja kabla hatujaagiza kitu cha kukamuliwa. Shangazi, aliyekuwa ametangulia na kukaa meza ya pembeni kwa sababu ya upepo, aliita maji mpaka sauti ikamkauka. "Mmeharibu nchi," alituambia njiani.

Lakini shangazi huyohuyo ndiye aliyetufungua macho. Tulikula kwenye hoteli moja ya ufukweni, bili ikaletwa ndani ya jalada la ngozi. Juu kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Hiyo tunaifahamu. Chini yake, kwa herufi za kusoma kwa miwani: huduma, asilimia 10. Shangazi akavaa miwani. "Mwanangu, hii huduma unapewa wewe?" Kijana akatazama feni. "Mama, hiyo... inakwenda ofisini." Shangazi akafunga jalada, akafungua pochi, akamtilia kijana noti ya elfu mbili mkononi na kumkunja vidole mwenyewe. Hakuwa amebadili msimamo. Alitaka tu kuikomoa ofisi. England, Scotland na Wales jambo hili ilibidi liundiwe sheria: tangu Oktoba 2024, bakshishi yote pamoja na hiyo tozo ya huduma lazima iwafikie wafanyakazi. Kwetu tuna shangazi.

Kumbe ugonjwa uleule uko kwenye chokoleti.

Binti wa binamu alitaka kutupikia biskuti za vipande vya chokoleti, zile zilizoanzia mgahawani. Ruth Wakefield na mumewe walifungua mgahawa wao, Toll House Inn, mjini Whitman, Massachusetts, mwaka 1930, na miaka michache baadaye mama huyo akaanza kukatakata chokoleti nyeusi na kuichanganya kwenye unga wa biskuti. Kampuni ya Nestlé ikachukua haki ya kuchapa maelekezo yake kwenye pakiti. Inasimuliwa kwamba alilipwa dola moja, pamoja na chokoleti ya bure. "Huyo ameachiwa chenji," akasema mjomba.

Shangazi akaleta kipande kikubwa kutoka Kariakoo kilichoandikwa "chokoleti ya kupikia". Bei poa, na joto la Februari halikitishi. Tukageuza pakiti: sukari, mafuta ya mawese, unga kidogo wa kakao. Siagi ya kakao, ambayo ndiyo chokoleti yenyewe, haimo. Binamu akaenda Masaki kununua iliyo halali. Ila siagi ya kakao huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, na bajaji iliyokwama foleni ya Mwenge saa nane mchana haijui kusoma pakiti. Ilifika nyumbani ni ya kunywa. Tukaitia kwenye friji, ikaganda na kutoka na madoa meupe. Shangazi akashangilia: "Ukungu! Tupa!" Haukuwa ukungu. Ni siagi hiyohiyo imepanda juu, hailetei mtu madhara, na ukiipika weupe unapotea.

Zikapikwa zote mbili, kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya sinia. Za Kariakoo, vipande vilitoka vimesimama wima kama askari wa gwaride, na ukivitafuna vinaacha mafuta yameganda kwenye kaakaa. Za Masaki ziliyeyuka zikaacha madimbwi meusi, chungu kidogo, na unga uliozizunguka ukapata maana. Hukumu yangu ndiyo hiyo: chukua chokoleti nyeusi, yenye kakao asilimia 50 hadi 60, uikate kwa kisu vipande visivyolingana. Ya maziwa waachie watoto waile hivihivi. Kwenye unga ambao tayari umejaa sukari inazidisha utamu tu.

Jirani yetu mwenye shamba Kyela alionja zote, akatikisa kichwa. Kakao ya kwao inauzwa punje kavu, sehemu kubwa inapanda meli, halafu chokoleti inarudi kwenye sanduku la binamu kama zawadi. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, jirani alianza kukohoa kitajiri. Viwanda vingine navyo vikapunguza kakao na kuongeza mafuta, ila kwenye pakiti picha ya tunda la kakao ikabaki palepale.

Basi msomaji, penye neno "huduma" uliza inakwenda kwa nani, na penye neno "chokoleti" tafuta siagi ya kakao. Ukilipa kwa simu, weka noti pembeni kwa ajili ya aliyekuletea sahani. Na kama mfuko unatosha kimoja tu, acha chokoleti, mpe mhudumu. Vileja vya samli na hiliki tumevila miaka yote bila kakao na hatukupungukiwa kitu, wakati mgahawa hufungwa usiku wa manane, daladala zimelala, na bodaboda hapokei asante.