Kijana Huogelea, Nyumba Nzima Hulowa

Katika vitongoji vya Virginia ya Kaskazini, ng'ambo ya Mto Potomac ukitokea mji wa Washington, ambako riziki imetutupa sisi watu wa Mombasa pamoja na Wahabeshi, Wakorea, Wasalvador na kila taifa lenye pasipoti, ipo desturi ya kiangazi ambayo hakuna shekhe wala balozi anayemtahadharisha mgeni juu yake, nayo ni kumwandikisha mtoto katika timu ya kuogelea ya mtaa. Karatasi ya kuandikisha humtaja mtoto, umri wake na kipimo cha nguo yake, na mzazi huitia sahihi kwa moyo mkunjufu akidhani amepata hila ya kumbandua mwanawe mbele ya runinga. Hajui, masikini ya Mungu, ya kwamba aliyeandikishwa hasa ni yeye, na mkewe, na gari lake, na usingizi wake wa Jumamosi, ilhali mtoto ametajwa pale kwa ajili ya ukamilifu wa hati tu.

Kwetu mambo hayakuwa hivyo. Sisi tuliolelewa karibu na bahari hatukufundishwa kuogelea; tulisukumwa majini na binamu zetu wakubwa, na aliyerejea juu alihesabiwa kuwa amefuzu. Mzazi naye alikuwa na wadhifa mmoja katika elimu hiyo, nao ni kukungoja mlangoni jioni, akuite kwa sauti ya upole usioaminika, kisha akukwaruze ukucha kwenye muundi aone kama chumvi itachora mstari mweupe. Ikichora, hukumu ilipitishwa papo hapo, wala hapakuwa na rufani. Kwa hivyo mtu wa malezi hayo anapoambiwa kwamba safari hii yeye ndiye atakayemwamsha mtoto alfajiri, ampeleke majini kwa gari, alipe ada, kisha asimame ukingoni ampigie makofi, hana budi kuhisi kwamba dunia imepinduliwa kichwa chini, na ya kwamba marehemu babaye, kama angeliona haya, angeliuomba ukucha wake msamaha.

Taib. Ligi yenyewe si jambo la juzi. Ile ya Virginia ya Kaskazini iliasisiwa mwaka 1956, zama ambazo mashamba yalikuwa yakikatwa viwanja vya nyumba na kila mtaa mpya ukijichimbia bwawa lake, kwa michango ya wanachama na hisa zenye hati. Wala mabwawa hayo hayakuwa ya kila mtu. Kulikuwa na mtaa mmoja wa kaunti ya Fairfax ambapo mzungu mmoja alimpangisha Mmarekani mweusi nyumba yake pamoja na hisa ya bustani na bwawa. Chama cha mtaa kikakataa kuiidhinisha hisa ile, na yule mzungu alipolalama wakamfukuza na yeye. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1969, katika kesi ya Sullivan na Little Hunting Park, ikaamua kwamba chama hakikuwa na haki hiyo. Mimi hulikumbuka shauri hilo kila Jumamosi, pindi mama wa kipaza sauti anapofika kwenye jina la binti yangu, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akalitamka kwa namna ambayo hata mimi niliyempa jina hilo hutazama huku na huku nikimtafuta huyo mtoto ni wa nani. Watu walikwenda mahakamani ili sisi tupate haki ya kutajwa vibaya hadharani, nasi twaipokea kwa shukrani.

Msimu hufunguliwa mwishoni mwa Mei, mabwawa yanapofunguliwa, na hapo ndipo hupatikana adha ya kwanza. Maji ya Mombasa, hata Agosti kusi linapovuma, huwa na nyuzi 25 hivi, na mtu huingia humo kama aingiaye chumbani kwake. Lakini bwawa lililokaa wazi usiku mzima wa Mei ya Virginia lina baridi ya kumfanya mtoto asahau lugha zote mbili azijuazo. Watoto hutoka midomo imebadilika rangi, magego yakigongana, wakisema hawarudi tena katu. Na kesho yake, wallahi, ndio wa kwanza garini, na mzazi aliyekwisha kufurahi moyoni kwamba mambo yamekwisha hulazimika kuzitafuta upya funguo.

Fauka ya hayo kuna vifaa. Miwani ya maji hununuliwa kwa jozi na hupotea mojamoja, jambo ambalo hesabu haiwezi kulieleza. Kofia ya mpira, nayo, ilibuniwa na mtu asiyepata kumwona mtoto aliyesukwa. Mke wangu humketisha binti yetu usiku kucha akimsuka mabutu mazuri, kisha asubuhi yake huwa hapana kofia iwezayo kuyameza. Mmoja humshika mtoto mabega, mwingine huuvuta mpira kwa vidole kumi, wa tatu husoma dua, na yote yanapokuwa yamekaribia kufanikiwa kofia hupasuka kwa mshindo ambao umepata kumfanya mwanzishaji mbio ageuke akidhani mtu ametangulia kumwitia watoto. Zipo kofia kubwa zilizotengenezwa kwa nywele kama zetu, zinazoitwa Soul Cap, ambazo wakuu wa uogeleaji duniani walizikataa mwaka 2021 kabla ya michezo ya Tokyo, kisha mwaka 2022 wakazikubali baada ya walimwengu kupiga kelele. Lakini katika zama ninazozisimulia hatukuwa na hizo, tulikuwa na mafuta ya nazi na subira.

Zama zenyewe ni kiangazi cha mwaka 2016, ambapo mama yangu alikuja kututazama kutoka Mombasa, na ambapo Ramadhani iliingia Juni 6, ikaukuta msimu umekwisha kuiva. Mtu anayefunga huku katika Juni hujizuia tangu saa kumi za alfajiri hadi saa mbili na nusu na ushei za usiku, na Jumamosi ya mashindano haimhurumii: jua halijachomoza vyema nanyi mko nyasini mkisimamisha hema, mkifungua viti vya kukunja, mkiburura masanduku ya barafu yaliyojaa vinywaji ambavyo hutavinywa. Hapo huja mama mmoja na kalamu ya wino usiofutika, akawaandika watoto mikononi namba ya shindano, ya kundi na ya njia, ili wasipotee. Na kwa kuwa watoto hawawezi kuachwa na kalamu, punde huwa wameandikana migongoni maneno ya kuwatisha mahasimu. Mama yangu, mjane wa karani wa bandari, alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, akauliza: "Mwanangu, huyu mmemwandika kama gunia la kahawa lingojalo meli Kilindini, anapelekwa wapi?" Sikuwa na jawabu, maana hata mimi sikuwa nimeisoma ile ratiba hadi mwisho.

Sasa nifike kwenye huduma, ambayo kwa istilahi ya huko huitwa kujitolea, na ambayo asiyejitolea hutozwa. Kila nyumba hudaiwa zamu zake: wapo wa kuuza chakula, wapo wa kukimbiza karatasi, wapo waamuzi wa mitindo wenye shati jeupe na kaptura ya buluu watembeao ukingoni kwa heba ya mahakimu, na wapo wapima saa, jeshi la miguu, ambao kwa kila njia ya maji husimama watatu wakiwa na stopwochi, ili saa zikihitilafiana, kama zinavyohitilafiana daima, ichukuliwe ile ya katikati. Mimi niliangukia kwa wapima saa. Twafundishwa kubonyeza tuonapo mmweko wa taa, wala si tusikiapo mlio, kwa kuwa nuru huitangulia sauti. Kisha twafundishwa kuinama juu ya maji mtoto anapokaribia, tuone kwa macho yetu mkono unavyougusa ukuta. Wasichotufundisha ni kwamba mtoto wa kipepeo, yule arushaye mikono yote miwili kwa pamoja kama anayewafukuza nyuki, hufika ukutani na nusu ya bwawa mbele yake, na kwamba mpima saa aliyeinama kwa utiifu, kinywa wazi kwa shauku, ndiye ukuta wa pili.

Nililowa tangu utosi hadi nyayo, na maji mengine yakapita pasipopaswa. Jioni ile nilimpigia simu shekhe mmoja nikamweleza tashwishi yangu kuhusu saumu, naye akanijibu, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, kwamba maji yaliyomwingia mtu pasina hiari yake hayabatilishi. Kisha akaniuliza, kwa ule ulatifu wa wanavyuoni, ni nani aliyenilazimisha kuinama.

Na mtoto je? Mtoto, baada ya masaa yote hayo ya hema na barafu na makaratasi, huogelea mita 25. Aliye na miaka minane akienda vyema humaliza katika nusu dakika au chini yake, yaani kwa muda ule ule ambao baba amegeuka kumtafutia taulo. Wadogo kabisa huwa na starehe zao: mmoja hufika katikati akaishika kamba ya njia apumzike na kuwapungia jamaa, jambo ambalo kanuni hazimkatazi maadamu hajivuti kwa kamba hiyo kwenda mbele, na jamaa yote humpungia nayo, huku wapima saa wake watatu wakizitazama saa zao kama wangojao treni. Wa mtindo wa chali hufundishwa kuyahesabu mapigo yao tangu bendera zilizotundikwa mita tano kabla ya ukuta, na asiyehesabu huujua ukuta kwa kisogo.

Kijana wangu, ambaye mwili wake ni wa mama yake na haraka yake ni yangu, alijaliwa kifua. Jumamosi moja akawaacha wenzake nyuma masafa ya kuonewa huruma, hema letu likapagawa, mama yangu akapiga kigelegele kilichowafanya watu wa timu ya pili watafute kama kuna aliyeumia. Lakini yule hakimu wa shati jeupe alikuwa ameunyosha mkono wake juu, kimya, kwa kuwa katika mtindo wa kifua sharti ukuta uguswe kwa mikono miwili kwa pamoja, na mwanangu aliugusa kwa mmoja. Akafutwa. Kijikaratasi kikaletwa chenye sababu iliyotiwa alama. Ilibidi nimfasirie mama yangu hukumu ile, naye hakuikubali, akasema: "Kwani alipokuwa wa kwanza hakuwa wa kwanza?" na mpaka leo hakuna mwamuzi aliyeniletea jawabu la kumtosheleza.

Utauliza kwa nini watu wenye akili zao huvumilia. Sababu mojawapo ni Katie Ledecky, aliyeanza katika bwawa la mtaa kama haya, upande wa Maryland, na mwaka 2012, akiwa na miaka 15, akatwaa dhahabu ya mita 800 katika Olimpiki ya London. Tangu hapo hakuna baba ukingoni, hata yule ambaye mwanawe ameshika kamba akipunga mkono, asiyejiambia moyoni kwamba huenda, nani ajuaye.

Mvua nayo ina zamu yake. Ngurumo ikisikika, bwawa lote hutolewa watu, na hawarudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Nayo mawingu ya Virginia huzijua dakika hizo, yakangoja ya 28, yakanguruma tena. Katika kungoja huko watoto hukaa chini ya hema wakilamba unga mkavu wa jelatini, mwekundu na wa kijani, kutoka kwenye pakiti kwa kidole kibichi, na mama yangu alipowaona kwa mara ya kwanza midomo na vidole vimechovywa rangi, alimwita mke wangu pembeni akamwuliza kama katika nchi hii kuna tiba.

Lakini ndiye aliyekuja kufaidi. Watoto wa chini ya miaka minane, kabla ya zamu yao, hukalishwa katika mabenchi kwa mpango wa njia, kazi ambayo imewashinda mawakili na makanali wastaafu, kwani kila ukikalisha watatu wawili hunyanyuka. Siku hiyo mama aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa karibu ya kulia. Mama yangu akajifunga leso kiunoni, akaenda, akasema, "Kaani kitako!" Hakuna hata mmoja aliyeyajua maneno hayo, na wote wakakaa. Tangu hapo benchi likawa lake. Wakampa fulana ya timu akaivaa juu ya buibui, nao watoto wa Kikorea na wa Kihabeshi wakajifunza kumwitikia, na mmoja, ambaye babaye ni jenerali, alimwamkia "shikamoo" mbele ya halaiki akapewa tende mbili.

Mwishoni mwa Julai, katika mashindano ya daraja, mwenyekiti wa kamati alinijia na daftari lake, akaniuliza kwa taadhima kama ruhusa ya kukaa ya mama yangu yaweza kurefushwa mpaka Juni ya mwaka wa pili. Nikamfikishia ujumbe. Akafikiri, akazikusanya leso zake, akasema ya kwamba atalitazama jambo hilo, ila kwanza waende wakamkalishe kitako yule mwanamke wa kipaza sauti, alisome jina la mjukuu wake mbele yake mpaka alipatie.