Chemsha Bongo ya Kompyuta: Namna ya Kumpima Mtoto, Si Kidole Chake

Mwalimu wa TEHAMA, umefundisha algoriti, amri za kurudia na usalama mtandaoni, muhula unakatika, na sasa unataka kujua kama Darasa la Tano wameelewa. Njia iliyo karibu ni chemsha bongo ya mtandaoni: maswali kumi, rangi nne, muziki wa kusisimua, jina la mshindi juu ya skrini. Watoto wataruka kwa furaha, na mwalimu wa Hisabati wa chumba cha pili atakuja kulalamikia kelele. Lakini furaha haijawahi kumwambia mwalimu nani anajua nini. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka vyote viwili, na unaanza na yale ya kuacha.

Acha kwanza majina ya utani. Kahoot, mchezo uliotoka Norway na kuzinduliwa mwaka 2013, humruhusu mchezaji kujipa jina anapoingia. Waachie watoto dakika mbili tu, na darasa lako litakuwa na Simba Bingwa, Yanga Daima, Bosi Mkubwa, na Mwalimu Mkuu wawili. Kipindi kikiisha utagundua kwamba Mwalimu Mkuu wa pili amekosa maswali tisa kati ya kumi, na hutajua ni mtoto gani wa kukaa naye. Wape namba zao za mahudhurio. Namba inakuonyesha mwanafunzi wako, na haipeleki jina lake kamili kwenye hifadhi ya kampuni iliyoko ng'ambo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, na hakuna anayestahili ulinzi huo kuliko mtoto wa miaka kumi ambaye hajui jina lake linakwenda wapi.

Acha pia saa ya mbio. Kahoot hutoa hadi pointi 1,000 kwa jibu sahihi la haraka, na anayejibu sahihi mwisho wa muda huambulia nusu yake hivi. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: mtoto anabonyeza nyekundu kabla hajamaliza mstari wa kwanza wa swali. Yule anayesoma polepole, anayefuata programu hatua kwa hatua kwa kidole juu ya dawati, ndiye anayefikiri kama mtaalamu wa kompyuta, na ndiye anayeshika mkia. Ongeza muda. Mchezo huo unakubali hadi dakika nne kwa swali, na swali zuri la programu linahitaji zaidi ya sekunde ishirini. Muziki zima kabisa. Mtoto hawezi kuhesabu marudio kichwani huku ngoma inapigwa.

Sasa maswali yenyewe, na hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo tunapowaangusha watoto wetu.

Kuna swali linalozunguka shule nyingi: kompyuta ni nini? A, mnyama. B, chakula. C, mashine ya kielektroniki inayopokea, kuchakata na kuhifadhi taarifa. D, mto. Swali hili halistahili umeme linaotumia. Mtoto ambaye hajawahi kuiona kompyuta atalipata, kwanza kwa sababu ugali hauchakati taarifa, na pili kwa sababu watoto wote wa Afrika Mashariki wanajua siri ya kale ya mitihani: jibu refu ndilo lenyewe. Ukiandika majibu, yapime urefu. Jibu sahihi lisiwe na kitambi kuliko wenzake.

Kisha piga hesabu ya bahati. Una wanafunzi 60 na maswali kumi yenye majibu manne kila moja. Chukulia hakuna aliyejifunza kitu na wote wanabahatisha. Kwa wastani, karibu watano kati yao watapata nusu ya alama au zaidi. Ukiwapa maswali kumi ya kweli au si kweli, wabahatishaji 37 kati ya 60 watapata nusu au zaidi, na utakwenda nyumbani ukishangilia ufaulu wa zaidi ya asilimia 60 wa darasa lisilojua lolote. Kwa hiyo maswali ya kweli au si kweli tuyaache kwenye mashindano ya siku ya kufunga shule.

Dawa ya bahati ni vipotoshi, yale majibu yasiyo sahihi yanayowekwa kando ya jibu sahihi. Walimu wengi huviandika mwisho, kwa uchovu, ili kujaza nafasi. Vinatakiwa viandikwe kwanza, na kila kimoja kitoke kwenye kosa ambalo umeliona kwa macho yako darasani.

Chukua Scratch, programu ya watoto iliyotoka MIT ya Marekani mwaka 2007 na ambayo unaweza kuiweka kwa Kiswahili. Uliza hivi: paka wa Scratch anataka kuchora pembetatu yenye pande sawa. Rudia mara 3: nenda hatua 100, kisha geuka digrii ngapi? A, 60. B, 90. C, 120. D, 180.

Jibu ni 120, kwa kuwa paka hageuki kwa kufuata pembe ya ndani. Anageuka kwa kufuata pembe ya nje, na akizunguka umbo lote hadi kurudi alipoanzia atakuwa amegeuka digrii 360. Sasa tazama waliokosa. Aliyechagua 60 anajua Hisabati vizuri: pembe ya ndani ya pembetatu hiyo ni 60 kweli. Hajajiweka tu mahali pa paka. Aliyechagua 90 anakumbuka mraba wa wiki iliyopita na ananakili. Aliyechagua 180 amekariri kwamba pembe za pembetatu zikijumlishwa ni 180, na akakamata namba ya kwanza iliyomjia. Watoto watatu, alama sifuri kwa wote, na kila mmoja anahitaji somo lake.

Wala usiwasahihishe kwa mdomo. Watoe nje na chaki. Mmoja awe paka, mwenzake asome amri, wa tatu achore nyuma yake. Paka wa digrii 60 atatembea pande tatu na kuacha nusu ya umbo la pande sita lililo wazi upande mmoja. Paka wa 90 ataacha mraba uliokosa ukuta. Paka wa 180 atakwenda na kurudi kwenye mstari uleule hadi wenzake wacheke, na atacheka pia, na hatasahau tena. Dakika kumi za uwanjani zinatosha, na swali moja la mtandaoni ndilo lililokuonyesha nani asimame kwenye chaki.

Fanya vivyo hivyo kwenye vigeu. Kigeu kinachoitwa Alama kimewekwa kuwa 5, kisha kimewekwa kuwa 3. Skrini itaonyesha nini? Weka majibu ya 5, 3, 8 na 53. Anayesema 8 anachanganya kuweka na kuongeza. Anayesema 53 anaamini thamani mpya hukaa pembeni ya ile ya zamani. Anayesema 5 anadhani wa kwanza kufika haondolewi. Ukiuliza intaneti ni nini, vipotoshi vyako viwe bando, WhatsApp na Google, maana hivyo ndivyo wanavyoijua kupitia simu ya mama. Na yale maswali ya kutaja majina ya vifaa, kipanya kiko wapi, kibodi ni ipi, mawili yanatosha kwa mwaka mzima.

Ukikwama, tazama mashindano ya Bebras yaliyoanzishwa na Valentina Dagienė huko Lithuania mwaka 2004 na kuenea nchi nyingi. Mafumbo yake hayahitaji mtoto awe amekariri neno lolote la kompyuta. Yanampa hali fulani, njia za kupita, vitu vya kupanga au siri ya kufumbua, na kumtaka afikiri kwa mpangilio. Mafumbo ya namna hiyo unaweza kuyatunga mwenyewe kwa vituo vya daladala, au kwa foleni ya ndoo kwenye bomba la mtaa.

Yupo atakayesema: haya yote mazuri, lakini mimi nina vishikwambi vinane na watoto 60. Ni kweli, na ukiwapanga wanane wanane kwenye kishikwambi kimoja, matokeo yatakuwa ya kidole chenye kasi kuliko vyote. Tumia Plickers. Kila mtoto anapewa karatasi yenye mchoro mweusi wa kipekee na namba yake, nawe peke yako ndiye mwenye simu. Mchoro una pande nne, na upande anaouweka juu ndio jibu lake, A, B, C au D. Herufi zimechapwa ndogo kiasi kwamba jirani hazioni, kwa hiyo kuibia kunakuwa kugumu. Unapitisha kamera juu ya darasa na majibu yanaingia yenyewe. Mambo mawili ya kuangalia: kadi zisiwekewe plastiki inayong'aa, kwa sababu mwanga wa dirishani utaipofusha kamera, na watoto wafundishwe kushika pembeni, kwa kuwa dole gumba likifunika mchoro, mtoto huyo hayupo darasani. Bando ni la simu moja tu.

Pale ambapo mtandao ni wa kubahatisha, ipo Kolibri, programu isiyolipiwa inayoendesha masomo na majaribio kwa kompyuta moja ya shule inayosambaza kwa vifaa vya jirani bila intaneti. Na pale ambapo hakuna hata hicho, vidole vinne vilivyobanwa kifuani vinatosha: kimoja A, viwili B, vitatu C, vinne D. Swali zuri halikatiki umeme.

Kisha usiwape jibu haraka. Eric Mazur, mwalimu wa Fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mapema miaka ya 1990 kuwafanya wanafunzi wake wajibu kila mmoja peke yake, wabishane na jirani, halafu wajibu tena. Inafanya kazi hata kwa watoto wa miaka kumi. Wakipata karibu wote, songa mbele. Wakikosa karibu wote, fundisha upya, kwa sababu wasiojua wawili hawana cha kuelezana. Wakigawanyika, nyamaza uwaache. Utasikia mtoto wa digrii 120 akisimama na kujizungusha ili kumwonyesha mwenzake, na sauti hiyo itakwambia mengi kuliko grafu yoyote.

Grafu nayo isome, na isome leoleo. Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likitumia fomu za OMR, yaani zinazosomwa na mashine, katika mtihani wa darasa la saba tangu 2012, na hutoa taarifa za uchambuzi zinazoonyesha watahiniwa wangapi walichagua kila kipotoshi na sababu inayodhaniwa kuwavuta. Taarifa hizo hutoka watoto wakiwa wameshaondoka shuleni. Wewe una bahati ya kuwa na uchambuzi wako saa nne asubuhi, na waliokosa bado wamekaa mbele yako. Fungua swali lililokosewa zaidi, tazama kipotoshi kilichovuta wengi, na upange kipindi kinachofuata juu yake. Wastani wa darasa uandike kwenye daftari la maendeleo kama unatakiwa, kisha usahau.

Lipo jambo ambalo chemsha bongo haiwezi, hata ukiitunga usiku kucha. Haiwezi kuona mtoto akitengeneza kitu. Kuna watoto wanaochagua 120 bila kusita na hawawezi kuunganisha amri tatu zikafanya kazi, na wapo wanaokosa kila swali la maandishi halafu wanatengeneza mchezo wa mpira wenye magoli na kelele za mashabiki. Somo la kompyuta ni somo la kutenda. Kwa hiyo kila muhula, kila mtoto, akae mbele ya mashine hata robo saa, peke yake au na mwenzake mmoja, ampe paka kazi na kukuonyesha. Muulize swali moja tu: nikibadilisha hii, itatokea nini? Andika jibu lake. Kwa darasa la watoto 60 ni kazi kubwa, nakubali, na ndiyo maana wachache wachache kila wiki ni bora kuliko wote wiki ya mwisho.

Na kwenu walimu wakuu na wathibiti ubora wa shule: mkiingia darasa la TEHAMA, msimuulize mwalimu ufaulu ni asilimia ngapi. Muulizeni ni swali gani watoto wengi walilikosa, walichagua nini badala yake, na kesho yake alifanya nini. Mwalimu aliye na majibu hayo matatu mpeni chaki, kadi za kutosha na kipindi cha ziada.