Jinsi ya Kukaa Ziwani Viboko Wawili Wakipigana

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa kisiwa cha Bumbire, Ziwa Victoria, na kwa kila mtu ambaye nchi yake kwenye ramani ya wakubwa hupewa nafasi ya nukta ya kalamu. Hautakufundisha kutengeneza bomu la nyuklia. Utakufundisha kazi ngumu zaidi ya hiyo, nayo ni kuishi dunia moja na wenye nalo.

Methali ya tembo na nyasi tuwaachie watu wa Serengeti. Huku kwetu kuna kiboko, na mvuvi wa dagaa anamjua kiboko kuliko anavyomjua diwani wake. Viboko wawili wakishikana, mwenye mtumbwi hapiti katikati. Wala hatupi kamba kwa mmoja wao akitumaini kuvutwa hadi ufukweni. Hayo mawili kila mtoto wa mwaloni anayajua, na wapo mawaziri waliohitaji miaka mingi kujifunza.

Somo la kwanza: anza kwa kupima masafa. Shule ya somo hili iko hapahapa kisiwani. Aprili 1875 Henry Morton Stanley alifika Bumbire na mashua yake, Lady Alice. Wenyeji wakaikokota nchi kavu na kumnyang'anya makasia. Akaponyoka kwa kufyatua risasi, watu wake wakipiga maji kwa mbao walizozing'oa ndani ya mashua. Agosti akarudi, safari hii na msafara wa mitumbwi ya Waganda. Akaipanga mbali kidogo na ufuko, mahali ambapo mkuki haufiki lakini risasi inafika, akaamuru watu wake wapige. Kwa hesabu yake mwenyewe aliua makumi ya watu. Barua yake ilipochapishwa magazetini London na New York, hata huko walikuwepo waliosema wazi kwamba hayo ni mauaji.

Sasa fanya zoezi. Nenda ufukweni jioni, pale akina mama wanapokusanya dagaa walioanikwa mchangani. Okota jiwe, litupe kwa nguvu zako zote, uangalie linapotumbukia. Kisha tazama maji yaliyo mbele ya pale lilipotumbukia. Ugomvi wote wa dola kuu tangu 1945 ni wa maji hayo ya mbele: kila mmoja anataka asimame mahali ambapo jiwe la mwenzake halimfikii, lakini la kwake linafika. Agosti 1945, Hiroshima ilipoteketezwa, Marekani ilikuwa imesimama pale peke yake. Agosti 1949 Umoja wa Kisovieti nao ukalipua bomu lake la kwanza, na hapo mbio za silaha zikaanza. Tarehe 30 Oktoba 1961 Wasovieti walilipua bomu moja lenye nguvu ya takriban megatani 50, yaani tani milioni 50 za baruti ya TNT, wakijaribu tu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 pande hizo mbili zilikuwa na makumi ya maelfu ya vichwa vya nyuklia, vingine vikiwa juu ya makombora yanayovuka dunia kwa muda wa nusu saa hivi. Ukiinjika ndizi zako kombora linaporushwa, litatua kabla hazijaiva.

Somo la pili ni fupi: futa kinywani mwako maneno "sisi tuko mbali." Urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, na mikono iliyoichimba ilikuwa ya Wakongo ambao hawakuambiwa ni ya kazi gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa na kituo Tunguu, Unguja, cha kufuatilia vyombo vyao vya angani. Mapinduzi yalipofanyika Januari 1964, miezi haikupita mingi kituo kikaondolewa, na Wajerumani wa Mashariki wakaingia Zanzibar na ramani za nyumba za ghorofa. Vita Baridi ilikuwa imeshavua viatu sebuleni kwetu kabla hatujaijua jina.

Somo la tatu ndilo ningependa kila kijana alikariri: pokea msaada, lakini usipokee na kamba yake. Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa Aprili 1964, Bonn, yaani serikali ya Ujerumani ya Magharibi, ilitaka Ujerumani ya Mashariki isiwe na ofisi yoyote ya kibalozi nchini mwetu. Rais Nyerere akatafuta njia ya kati, akairuhusu Ujerumani ya Mashariki iwe na ofisi ya konseli tu Dar es Salaam. Bonn haikuridhika. Mwanzoni mwa 1965 ikakata msaada wake wa kijeshi, wa mafunzo ya anga na majini. Nyerere naye akawaambia waondoe na misaada mingine yote ya serikali yao. Fikiria hilo kwa nafasi. Nchi haikuwa na madaraja ya kutosha wala walimu wa kutosha, na rais wake anarudisha sahani ikiwa bado na chakula, kwa sababu mwenye sahani ameanza kumpangia wageni wa kumkaribisha.

Desemba ya mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ambako walowezi wa kizungu walijitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Wakanada wakaja kufundisha jeshi la anga. Wachina wakajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, baada ya wakubwa wa Magharibi kusema hailipi. Wapo wanaosema Nyerere alikuwa mkaidi na ukaidi wake ulitugharimu. Ulitugharimu kweli. Mimi nasema ilikuwa gharama ya kubaki na sauti, na ningeilipa tena.

Lakini hapo usijipongeze mapema, kwa maana somo la nne lilitukuta mlangoni. Soma maandishi yaliyo kwenye masanduku ya silaha. Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda 25 Januari 1971, Uingereza na Israeli zilimpokea vizuri. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waisraeli, akageukia Libya na Moscow. Kiwanja cha ndege cha Entebbe kikajaa ndege za kivita aina ya MiG. Oktoba 1978 ndege hizo zikadondosha mabomu Bukoba, na mwisho wa mwezi majeshi yake yakavuka mpaka. Ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wakaswagwa kwenda Uganda, watu wakauawa, na daraja la Kyaka likalipuliwa.

Siku za mbalamwezi, mitumbwi ya karabai ikiwa imevutwa nchi kavu kwa sababu dagaa hawafuati taa, kaa na wazee uwaulize walikuwa wapi Oktoba hiyo. Wasikilize hadi mwisho. Kisha uwaulize silaha zilitoka wapi, maana hili halisemwi sana. MiG za nduli Amin zilitengenezwa Umoja wa Kisovieti. Mizinga ya roketi tuliyomjibia, ile ambayo Waganda waliipachika jina la Saba Saba, nayo ni ya Kisovieti. Vifaru vyetu vilitoka Uchina, nchi ambayo wakati huo haikupikika chungu kimoja na Moscow. Kijana wa Muleba na kijana wa Masaka walitazamana kwa bunduki zilizopikwa jikoni kwa watu ambao hawakuwajua wala hawakuwauliza. Sababu yetu ilikuwa ya haki. Nchi yetu ilivamiwa, na sitamwomba mtu radhi kwa vita ile. Ila mwenye jiko hakuchomwa na cheche hata moja.

Na lipo tukio la mwisho wa Machi 1979 ambalo naomba ulitazame kwa karibu. Libya ilituma ndege aina ya Tu-22 kuipiga Mwanza. Tu-22 ilibuniwa na Wasovieti kwa ajili ya vita vya Ulaya, iende kwa kasi kuliko sauti na iweze kubeba bomu la nyuklia. Ndege iliyotengenezwa kwa siku ya mwisho wa dunia ikaja Ziwa Victoria na mabomu ya kawaida, ikilenga matangi ya mafuta. Ikayakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kile kisiwa cha mawe karibu na mji, kilichobeba jina la mvuvi aliyekimiliki kabla hakijawa hifadhi ya wanyama. Wanyama kadhaa wakafa. Kila ninapolisoma tukio hilo nashikwa na baridi. Mbio zote zile, za mabara yenye viwanda, za wanasayansi na majenerali, mwisho wake kwetu ukawa mizoga ya wanyama kwenye kisiwa cha mvuvi. Na tulikuwa na bahati kwamba tumbo la ndege ile lilibeba mabomu ya kawaida.

Somo la tano: ukiwa huna masafa, tumia sauti, na usiitumie peke yako. Tarehe 22 Mei 1984 viongozi wa nchi sita walizitaka dola za nyuklia zisimamishe majaribio na utengenezaji wa silaha hizo. Walikuwa Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Mexico, Andreas Papandreou wa Ugiriki, na Julius Nyerere wa Tanzania. Miongoni mwao hakuna aliyekuwa na kombora la nyuklia. Wito huo ulirudiwa New Delhi Januari 1985, na baadaye nchi hizo zikajitolea kusaidia kuhakiki kwamba hakuna anayelipua kwa siri. Mikhail Gorbachev alisimamisha majaribio ya nchi yake kuanzia 6 Agosti 1985, na Desemba 1987 yeye na Ronald Reagan wakatia saini mkataba wa kuteketeza makombora ya masafa ya kati. Sitasema sita wale ndio walioleta yote hayo. Nasema walisimama ufukweni wakapaza sauti badala ya kungoja kupigwa, na sauti ya mwalimu wa Butiama ilikuwemo.

Leo vichwa vya nyuklia vilivyobaki ni zaidi ya 12,000, karibu tisa katika kila kumi vikiwa Urusi na Marekani. Februari 2023 Urusi ilisimamisha ushiriki wake katika mkataba wa New START, uliokuwa wa mwisho kuwawekea kikomo. Viboko wamerudi majini, na safari hii nasi tunayo urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, ambayo leseni yake iko mikononi mwa kampuni ya dola ya Urusi, Rosatom. Tumeridhia Mkataba wa Pelindaba unaoifanya Afrika kuwa bara lisilo na silaha za nyuklia. Kwa hiyo mbunge akija mwaloni kuomba kura, akishamaliza habari za nyavu na bei ya sangara, simama umuulize: urani yetu ikishatoka Namtumbo inakwenda wapi, na nani anaihesabu njiani? Akisema hayo ni mambo ya mbali, mshike mkono kwa heshima, mpeleke ufukweni, umpe jiwe.